HOTUBA YA MWENYEKITI KATIKA SHEREHE YA MIAKA KUMI YA KIKUNDI CHETU, KIOMBOI



  

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku hii ya leo. Wapo wenzetu watatu tulioanza nao mwaka 2015 ambao hawakuifikia. Tunaomba tusimame kidogo tuwakumbuke. Asanteni, tuketi.

Katibu wetu ametupa dakika ishirini, na wote mnajua Katibu ana saa. Kwa hiyo hatutasoma orodha ya vyombo tulivyonunua, hiyo mtaiona kwenye kurasa za nyuma za kijitabu hiki. Sisi tutazungumza habari ya maisha yetu wenyewe, akina mama wakulima wa mji huu mdogo, na sanduku letu limetusaidia wapi, na pia wapi tulikosea.

MWAKA WA MAMA MKULIMA

Ndugu Mgeni Rasmi, wengi wetu tuna darasa la saba. Tulisoma enzi za UPE, tukiketi chini, kitabu kimoja watoto watano. Hatukusomea uchumi. Lakini mwaka wa mama mkulima tunaujua kuliko mtu yeyote, maana tunaubeba kichwani kama debe.

Mvua ya hapa kwetu ni moja tu. Inaanza mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja, ikichelewa mwezi wa kumi na mbili. Hapo mama anatakiwa awe na mbegu ya mtama, ya mahindi na ya alizeti, na awe na hela ya kumlipa mwenye ng'ombe wa kulimia. Krismasi iko mlangoni, watoto wanataka nguo. Mwezi wa kwanza shule zinafunguliwa. Ni kweli tangu mwaka 2016 ada iliondolewa mpaka kidato cha nne, na mwaka 2022 ikaondolewa kidato cha tano na cha sita, tunaishukuru sana Serikali. Lakini sare ni ya mzazi, viatu ni vya mzazi, madaftari ni ya mzazi, na mchango wa chakula ni wa mzazi.

Mwezi wa pili na wa tatu ndiyo miezi mirefu. Ghala limekwisha, shamba bado bichi. Tunakula ugali na mlenda, asubuhi mlenda, jioni mlenda. Na hapo ndipo mlanguzi anapofika na pikipiki yake. Anasimama kwenye kona ya shamba, anatazama alizeti inayochanua, anasema, "Mama, nikupe hela leo, mazao nitakuja kuvuna mwenyewe." Na mama ana mtoto mgonjwa ndani. Basi anauza shamba likiwa na maua. Mwezi wa sita akimwona yule bwana anajaza lumbesa kwenye lori, anajua kabisa kwamba ile hela aliyoipata haikufika hata nusu.

Hayo ni ya shamba. Nyumbani mama huyo huyo anaamka saa kumi na moja, anatafuta maji, na kiangazi maji ni ya kuchimba kwenye mchanga wa korongo. Anapika, anaogesha watoto, anakwenda shamba, anarudi na kuni. Jumapili anafika ibadani wimbo wa pili umeshaanza, sadaka yake ameifunga kwenye pindo la khanga. Hana hela, anatoa kuku. Baada ya ibada kuku anauzwa kwenye mnada pale nje, watu wanashangilia, na yeye anashangilia. Halafu anarudi nyumbani hana hela ya mashine ya kusaga. Jamani, hatumlaumu Mungu. Tunasema tu jinsi ilivyokuwa.

TULIVYOANZA

Kikundi hiki kilianza kwa sababu ya kitenge. Mwanzoni mwa mwaka 2015 kwaya ya akina mama tulikubaliana tununue sare. Siku ya kukusanya, kati ya akina mama kumi na tisa, saba hawakuwa na hela. Wawili waliacha kuja mazoezini kwa aibu. Ndipo mmoja wetu, ambaye alikuwa amekaa kwa binti yake mjini akaona wanavyofanya, akasema, "Kwani tusiwekeane kidogo kidogo kwenye sanduku?"

Utaratibu huu wa hisa ulianzishwa nchini Niger mwaka 1991, na shirika la CARE, kwa akina mama wa kijijini kama sisi. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti. Anayekaa na sanduku hana ufunguo. Kila kitu kinahesabiwa mbele ya wote, kwa sauti, ili hata asiyejua kusoma ashike kichwani kiasi kilichomo. Tulianza na hisa ya Sh. 500/=. Mwanachama ananunua hisa moja mpaka tano kwa wiki. Pembeni tuna mfuko wa jamii wa ugonjwa na msiba, huo haukopeshwi.

Mwanzo tulikutana kanisani baada ya ibada. Baadaye majirani zetu Waislamu na Wakatoliki wakataka kuingia, tukaona si vizuri kuwaita kwenye jengo letu kila wiki. Tukahamia chini ya mti, siku ya Alhamisi saa tisa. Sala ya kufungua anatoa yeyote kwa dini yake, na wengine tunaitikia Amina. Miaka kumi hatujagombana kwa ajili ya dini hata siku moja. Tumegombana kwa mengine.

Waume zetu nao, tuseme ukweli kwa kuwa wapo hapa, hawakutupokea vizuri. Walisema ni kikundi cha umbea. Mmoja alikuja akasimama pale mtini akataka afunguliwe sanduku aone. Tulimkaribisha akae kwenye kigoda, tukahesabu mbele yake kama kawaida. Alikaa mpaka mwisho. Wiki ya pili alimtuma mkewe na hela ya hisa mbili. Shemeji, tunakuona unacheka.

JAMBO TULILOKOSEA

Sasa tunafika mahali pagumu. Wajumbe wengine walisema hili tusiliweke kwenye sherehe. Tulijadiliana vikao viwili. Tumeona kijitabu cha miaka kumi kikisema mazuri tu, kitakuwa kama tangazo la dukani.

Msimu wa mwaka 2016 kuingia 2017 mvua iligoma. Mnaukumbuka mwaka ule. Mwenzetu mmoja alikuwa amekopa Sh. 300,000/= mwezi wa kumi na mbili, akalimisha eka tatu za alizeti. Mbegu ilioza ardhini, akarudia, ikakauka. Mumewe alikwenda machimbo ya dhahabu kutafuta, mwaka ule hakurudi wala hakutuma kitu. Mwenzetu alilipa kidogo kidogo kwa kuuza mkaa na kufua nguo za watu. Ilipofika mwezi wa sita, deni pamoja na riba lilibaki Sh. 240,000/=.

Wakati ule tulikuwa tunavunja sanduku na kugawana mwezi wa saba. Kila mtu alitaka chake kitimie. Tulimwandikia barua, akaja akaomba tumsubiri msimu mwingine. Tukasema katiba ni katiba. Asubuhi moja tukaenda nyumbani kwake watu sita. Tulichukua mbuzi wawili, cherehani, na mabati sita aliyokuwa ameyaweka ndani aje aezeke, maana alikuwa bado anaishi kwenye tembe. Hakutuzuia. Alitutolea mabati yeye mwenyewe, tukasaidiana kubeba. Binti yake wa darasa la sita alisimama mlangoni. Kati yetu sita, wawili ndio waliomfundisha Shule ya Jumapili. Na njiani tukirudi, Mungu atusamehe, tuliimba pambio.

Vitu viliuzwa. Deni likalipwa. Siku ya mgawo, zile hela zikagawanywa kwa wanachama ishirini na wanne waliobaki, kila mmoja akapata Sh. 10,000/=. Mama yetu mzee kuliko wote alihesabu fungu lake, akatoa noti moja ya elfu kumi akairudisha mezani. Akasema, "Hii sili." Akafunga khanga yake akaenda zake.

Ndugu zangu, kikao kilinyamaza. Wengine tulikasirika, tukasema mama anatuhukumu. Wengine walichukua hela wakaondoka haraka. Lakini usiku ule hatukulala vizuri. Tulikuwa tumeanza kikundi kwa sababu akina mama wawili waliona aibu ya kitenge. Miaka miwili tu imepita, na sisi wenyewe tumekwenda kumtia mwenzetu aibu mbele ya mtoto wake, na Jumapili iliyofuata kiti chake kanisani kilikuwa kitupu. Kilikaa kitupu kwa muda mrefu sana.

Wiki tatu baadaye tulichanga. Si wote walichanga, lakini tulitosha. Cherehani tulilipata kwa fundi, tukalinunua kwa bei kubwa kuliko tuliyouzia. Mabati tulinunua mengine. Mbuzi walikuwa wameshachinjwa, tukatafuta wengine. Tukaenda tena kwake watu sita wale wale. Alipokea vitu, akatushukuru kwa heshima, akatupa maji ya kunywa. Halafu akauliza, "Vyombo mmeleta. Na jina langu je, mmekuja nalo?"

Hatukuwa na jibu. Vyombo vinarudi kwa siku moja, jina linarudi kwa miaka. Kanisani alirudi mwaka 2019. Kwenye kikundi alirudi mwaka 2021, baada ya kuombwa mara nyingi, na leo yupo hapa pamoja nasi. Tumemsomea maneno haya kabla ya sherehe, neno kwa neno, naye ameturuhusu. Ila alisema tuongeze jambo moja tulilolisahau, kwamba mbuzi mmoja alikuwa na mimba. Tumeongeza.

MASHARTI MAPYA

Tangu hapo tulibadilisha katiba. Tunayataja masharti hayo kwa ajili ya vikundi vingine vitakavyosoma kijitabu hiki.

Kwanza, hatuchukui vyombo vya nyumbani mwa mtu, wala mifugo, wala mabati. Mkopo hauzidi mara tatu ya hisa za mtu, na una wadhamini wawili ambao wanajua shamba lake liko wapi na wamelitembelea. Ikitokea ukame, deni linasogezwa msimu mmoja kwa kura ya kikao.

Pili, riba tuliishusha kutoka kumi katika mia kwa mwezi hadi tano. Wapo waliosema faida itapungua. Imepungua kweli. Lakini riba ile tulikuwa tunatoana wenyewe kwa wenyewe, aliyekopa sana ndiye aliyekuwa anamnenepesha asiyekopa.

Tatu, tulihamisha siku ya kugawana. Mwezi wa saba ulikuwa kosa. Mwezi wa saba kila mtu amevuna, hela ikiongezeka juu ya hela inakwenda kwenye harusi na vitenge. Sasa tunavunja sanduku wiki ya mwisho ya mwezi wa kumi na moja, wakati ghala linapungua, mvua inakaribia na shule ziko mbele. Hela ni ile ile, lakini sasa inamkuta mama akiwa na shida ya mbegu na sare. Hili ndilo badiliko dogo lililotusaidia kuliko yote.

Nne, mikopo ya mwezi wa pili na wa tatu ni ya chakula na matibabu, ni midogo, na haikataliwi. Lengo ni mama asiuze shamba likiwa na maua. Akisubiri akavuna, akaanika vizuri na kupeleka mashineni kukamua, gunia moja linampa karibu ndoo ya mafuta, na mashudu anawauzia wafugaji. Hatusemi kila mwaka bei ni nzuri. Mwaka 2023 bei ya alizeti ilianguka mpaka tukashika vichwa. Lakini mwenye mafuta ndani anaweza kuuza chupa chupa, na hata akikosa mnunuzi, watoto wanakaangiwa.

Jambo lingine ni kuku. Kuku wa Singida wanasifika mpaka Dar es Salaam, lakini sisi tulikuwa tunafuga ili kideri kije kuwamaliza. Kikiingia kiangazi, asubuhi unakuta banda zima limelala. Tulimwita bwana mifugo akatufundisha chanjo ya tone la jicho, kila baada ya miezi mitatu. Sasa tunanunua kichupa kwa pamoja na kuchanja mtaa mzima siku moja, jioni kuku wakiwa ndani. Kuchanja wa kwako na kumwacha jirani ni kazi bure. Tulilijua hilo kwenye kuku kabla ya kulijua vizuri kwenye watu.

HOJA ILIYOKO MBELE YETU

Ndugu wanachama, hisa yetu leo ni Sh. 2,000/=. Kuna hoja iliyoletwa, nayo itapigiwa kura kwenye mkutano mkuu, kwamba hisa iwe Sh. 10,000/=, na asiyeweza aende akaanzishe kikundi kingine na wenzake. Walioleta hoja si wabaya. Wana biashara zao, wanataka mikopo mikubwa, na sanduku limekuwa dogo kwao. Wanasema tusibaki nyuma, na hilo nalo ni kweli.

Lakini tunaomba mtusikilize. Mama anayenunua hisa moja tu kwa wiki, kwa wiki hamsini, anafikisha Sh. 100,000/= kabla ya faida. Kwa mwenye duka ni hela ya siku chache. Kwa mama huyu ni eka moja kulimiwa, mbegu, na watoto wawili kuingia shule na viatu. Tukimtoa, hataanzisha kikundi. Atakwenda kwa wale wa mikopo mnayoiita kausha damu, ambao sasa wamefika mpaka hapa kwetu. Na wale, jamani, wanafanya kila wiki lile tulilofanya sisi mara moja mwaka 2017. Wanachukua kitanda mtoto akiwa amekilalia.

Pendekezo la Kamati ni hili: hisa ibaki Sh. 2,000/=, lakini kikomo kiongezwe kutoka hisa tano mpaka ishirini kwa wenye uwezo, na kwa mikopo mikubwa tuombe ile ya Halmashauri, ile asilimia nne ya akina mama, ambayo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurudishwa mwaka 2024. Mwenye nacho aongeze, asiye nacho asifukuzwe. Kura ni yenu. Sisi tumesema la moyoni.

MWISHO

Ndugu Mgeni Rasmi, maombi yetu ni mawili. La kwanza ni mafunzo ya kuandika vitabu vya hesabu, maana Mhasibu wetu macho yamechoka na vijana wanahitaji kushika kazi. La pili ni chanjo ya kuku ipatikane hapa hapa Kiomboi kila wakati, tusiifuate mbali ikafika imepata joto na kuharibika.

Tunawashukuru waume zetu, tunawashukuru viongozi wa dini zote, tunamshukuru Mtendaji wetu kwa kutuandikisha. Tunamshukuru yule mama mzee aliyerudisha noti mezani. Hayupo tena duniani, ni mmoja wa wale watatu tuliosimama kuwakumbuka. Noti ile hatukuigawa. Ilikuwa ya kwanza kwenye ule mchango wa kurudisha vitu. Alhamisi saa tisa, tukihesabu, huwa tunasema mwanzo wa hesabu, "Elfu kumi ya mama." Halafu ndipo tunaendelea.

Sasa tunamwomba mwenzetu, yule yule, aje mbele atukatie keki. Amesema kisu ashike yeye na sanduku tushike sisi.

Mungu akibariki kikundi chetu. Mungu aubariki mkoa wetu wa Singida. Mungu aibariki Tanzania.